Chai ya Kitanda cha Pili

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa saa kubwa ya ukutani, mkijua fika kwamba sasa sina mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni na inapiga kelele kama kuku anayetaga, lakini asanteni. Kisha yule Sista mdogo wa kliniki, yule mwenye haraka, akanishika mkono akasema, "Mama, tuandikie basi mambo ya kazi, usiende nayo." Haya basi. Sitawaandikia nilipandishwa cheo lini, maana siku hizo zilinipita nikiosha vidonda vya watu. Nitawaandikia jinsi nilivyojifunza kukagua nyumba za wagonjwa wasiopona, na jinsi nilivyokosea vibaya wakati nilipokuwa najiona ninajua.

Mimi ni Rispa Nekesa. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo tuliishi Makongeni, vyumba viwili na watoto sita. Nilianza kazi ya uuguzi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiwa na mfuko mweusi, viatu vyeupe na ujuaji mwingi. Viatu viliharibika siku ya kwanza kabla ya saa nne asubuhi, kwenye tope la Kariobangi. Ujuaji ulichukua miaka.

Aliyenifundisha kazi ni muuguzi mzoefu, Sista Tabitha. Alikuwa mwanamke mfupi wa mtaa wa Bahati, mkavu wa maneno, hakuwahi kuzaa na hakutaka mtu amwonee huruma kwa hilo. Alivaa gambuti, zile buti za mpira, mwaka mzima, mvua au jua. Aliponiona na viatu vyangu vyeupe alivitazama tu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuvionea aibu.

Kazi yetu ilikuwa ya watu ambao hospitali imemalizana nao. Daktari anaandika kwenye karatasi "apelekwe nyumbani", na hapo yeye amenawa mikono. Lakini nyumbani ni wapi? Mwenye nguvu alipakiwa kwenye basi akaenda kufia kwao. Asiyekuwa na nguvu, au asiyekuwa na kwao tena, alibaki hapa hapa mjini, mitaa ya Eastlands, nyuma ya pazia, kwenye chumba ambamo watu wengine saba wanalala, wanapika na kufanya homuwaki za shule. Huyo ndiye tulikuwa tunamfuata.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Shiundu wa mtaa wa Jericho, aliyekuwa na saratani ya tumbo. Alikaa kwa mwanawe, karani wa kaunsili. Tuliingia, nikatazama huku na huku, nikatoa kalamu.

"Haya, msichana," Sista Tabitha akaninong'oneza, "umeona nini?"

"Chumba kisafi, Sista. Shuka safi. Mgonjwa ametulia."

"Na kikombe chake kiko wapi?"

Sikuwa nimetazama kikombe. Sista Tabitha akavuta kigoda, akaketi karibu na kichwa cha mzee, akaweka miguu yake na gambuti zake kama mtu aliyefika kwao.

"Mzee," akasema, "leo wageni wako tutaondoka na kiu?"

Lo! Yule mzee alikuwa mbavu tupu, lakini mlipaswa kumwona. Aliinua mkono, akachukua kijiko kando ya mto, akagonga chuma cha kitanda mara tatu. Mkaza mwanawe akaja mbio akijipangusa mikono.

"Mama Everline, hawa ni wageni wangu. Waletee chai. Na mimi unipe yangu."

Tulikunywa chai pale kitandani. Mzee alipewa yake kwa kijiko, kidogo kidogo, na katikati ya vijiko akatuuliza habari za mvua kama mwenye nyumba yeyote. Tulipotoka, Sista Tabitha alinisimamisha kando ya bomba la maji la mtaa.

"Umeona sasa? Mgonjwa ameita. Aliyeitwa amekuja. Kulikuwa na kitu cha kunywa, na yeye mwenyewe amekinywa. Halafu amekaribisha wageni, kwa hiyo bado ni mtu. Hizo shuka ulizoandika ni sawa, lakini shuka hata maiti hutandikiwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukagua, na hakuna kitabu kilichomfundisha. Tena alikuwa na sheria moja: chai ya mwenye nyumba au ya msimamizi hainywewi pembeni. Sasa ninyi mnajua kwetu mtu hakatai chai. Ukikataa chai ya mtu umemtukana, na ukitoka hapo utasemwa mpaka kanisani. Sista Tabitha alikuwa na jibu lisiloweza kumuudhi yeyote. "Asante sana, mama. Nitainywa huko ndani pamoja na mgonjwa." Basi mwenye nyumba hana la kusema ila kuibeba birika kwenda kitandani. Na njiani, kama mgonjwa hakuwa na kikombe, ilibidi kitafutwe mbele ya macho yetu.

Nilitembea naye miaka mingi. Alinifundisha kufunua blanketi kuanzia miguuni, kwa sababu watu wanaficha uchafu miguuni. Alinifundisha kumwomba mgonjwa atoe ulimi kabla sijamuuliza swali lolote, maana mdomo mkavu haudanganyi. Alinifundisha kupitisha kiganja chini ya kiuno nione kama mtu anageuzwa au ameachwa alale upande mmoja mpaka ngozi ichunike. Alinifundisha pia kutolia mbele ya wenyewe. Hilo sikulishika vizuri.

Baadaye akina mama wa makanisa wakaanza kufungua nyumba za kutunzia wagonjwa wa namna hii, ndogo ndogo, vitanda sita, vitanda vinane. Ilikuwa kazi ya Mungu, sikatai. Ofisi yetu ya afya ikaombwa izikague. Nyumba iliyofanya vizuri ilipewa blanketi na dawa, na familia ziliambiwa zipeleke watu huko. Nyumba mbaya ingeweza kufungwa. Mwaka huo Sista Tabitha alikuwa anastaafu, kwa hiyo fomu ya ukaguzi nikaitunga mimi.

Ilikuwa fomu nzuri sana, jamani. Ilipigwa chapa, ilikuwa na mistari na visanduku. Alama nyingi kuliko zote nilizipa shuka kavu na safi, kwa nia njema kabisa, maana shuka yenye unyevu ndiyo mwanzo wa vidonda vya mgongo. Nilimpelekea Sista Tabitha kwake Bahati aisome. Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele.

"Chai iko wapi?" akaniuliza.

"Sista, siwezi kuandika chai kwenye fomu ya ofisi. Watanicheka."

Akanirudishia fomu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nyumba iliyoshinda zote ilikuwa Kariobangi, nyuma ya mafundi wa mabati. Paa lake lilipakwa rangi ya buluu, kwa hiyo watu waliiita Mabati Buluu. Msimamizi wake alikuwa Mama Loise, matroni aliyewahi kusimamia vyumba vya hoteli mjini, mwanamke mrefu mwenye aproni isiyokunjamana. Vitanda vinane. Sakafu ya simiti iling'aa kwa nta nyekundu. Shuka zilikunjwa pembe hata mwanajeshi angeona wivu. Na kimya! Nje mafundi wanagonga masufuria tang tang tang, lakini ndani hakuna anayekohoa.

Kabla ya kila ukaguzi tulituma barua ya kutangaza siku, ndivyo ofisi ilivyotaka. Nikifika, Mama Loise alinipokea ofisini kwake: kitambaa cha kushonwa juu ya meza, chupa ya chai ya maziwa, mandazi ya moto. Nilikunywa. Sitatafuta kisingizio, nilikunywa kila mara, na mandazi nilikula mawili. Kisha tulipita kwenye vitanda, nikajaza visanduku, nikaondoka. Daraja la kwanza.

Kulikuwa na nyumba nyingine Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi. Huko ilikuwa vurugu. Mbuzi wanalia nje, wagonjwa wanapayuka ndani. Huyu anataka uji, yule anasema uji ni wa moto, mwingine anataka ageuzwe aangalie dirishani, na mama anayewatunza anawajibu kwa kelele zaidi huku anacheka. Kwenye sehemu ya kasoro niliandika: wagonjwa wanalalamika. Nikawapa daraja la tatu. Msinitazame hivyo, niliwaambia nilikosea.

Sista Tabitha alikuwa amestaafu miaka michache tu alipoanza kukonda. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Ilikuwa saratani ya ini, na karatasi iliandikwa yale yale tuliyozoea kusoma kwenye karatasi za wengine. Nikamwambia aje kwangu Makongeni.

"Kwako wapi? Juu ya kabati?" akasema. "Watoto wako watalala wapi? Mimi sitaki kufa nikikanyagwa, Rispa. Si wewe ndiye mkaguzi? Nipeleke kwenye ile nyumba uliyoipa daraja la kwanza."

Nilifurahi aliposema hivyo. Nilimpeleka Mabati Buluu, nikasimama pale huku anaandaliwa kitanda cha pili kutoka mlangoni, nikajisikia nimemlipa mwalimu wangu kwa kazi nzuri ya mikono yangu. Mama Loise alinihakikishia, "Sista wako ni sista wetu." Wageni waliruhusiwa Jumapili asubuhi. Jumapili ya kwanza nilimkuta ameoshwa, amechanwa nywele, ametoka kunywa uji. Alikuwa kimya kidogo, nikadhani ni ugonjwa. Jumapili iliyofuata mtoto wangu alikuwa na surua, sikuenda.

Nikaenda Jumatano yake. Sikutuma barua, maana sikuwa nakwenda kukagua, nilikuwa nakwenda kumwona mtu wangu. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la kuunguza, na paa la mabati limeshika moto. Aliyenifungulia alikuwa Mama Akinyi, mama wa kufua nguo, maana Mama Loise alikuwa ametoka kwenda sokoni. Nikaingia moja kwa moja.

Kimya kile kile. Shuka zile zile. Sista Tabitha alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pembeni damu imekauka. Akanifanyia ishara niketi.

"Mgeni amekuja," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Ngoja nikupe chai."

Alivua pete yake, ile nyembamba ya mama yake aliyokuwa nayo siku zote, akagonga chuma cha kitanda mara tatu. Tulingoja. Nje mafundi waligonga mabati yao. Akagonga tena mara tatu. Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja aligeuza macho kututazama, akaramba midomo. Hakuna aliyekuja. Nikatazama kando ya kitanda, na kitanda cha jirani, na vile vingine vyote hadi ukutani. Hakukuwa na kikombe hata kimoja chumba kizima.

"Toa ulimi, Sista," nikamwambia. Akautoa. Ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi.

"Andika," akaniambia.

Sikuandika. Nilikimbia nje kwenye bomba, nikarudi na chupa yangu imejaa maji, nikampa kwa kifuniko, matone matone, kisha nikampa yule mzee, kisha wa tatu, mpaka wa nane. Nilikuwa nalia wazi wazi. Miaka yote ile ya kufundishwa nisilie ilipotea bure. Mama Akinyi alisimama mlangoni na ndoo yake akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Sista, utaniletea kazi," akasema. "Wakinywa saa hii watalowesha."

"Mama Akinyi, hawa watu hawanywi maji?"

"Wanakunywa asubuhi. Mpaka saa sita. Baada ya hapo hakuna, ndiyo shuka zikae kavu." Akaiweka ndoo chini. "Si ni nyinyi mnataka hivyo? Matroni ametusomea fomu yenu. Shuka ndiyo alama nyingi. Na sisi wa kufua ni wawili, na maji ya bomba yanakatika siku tatu kwa wiki. Kikombe kikikaa kitandani kinamwagika. Sasa tufanye nini?"

Nilikaa kwenye kitanda cha Sista Tabitha. Ile fomu yangu nzuri, yenye mistari, ndiyo iliyowanyima maji watu wanane. Na mimi nilikuwa nimepita pale mara kwa mara na tumbo limejaa chai ya maziwa.

Mama Loise aliporudi hakujificha wala hakunyenyekea, na leo namheshimu kwa hilo. Alitua kikapu chake akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umekuja hapa mara ngapi, Sista Rispa?" akaniuliza. "Uliwahi kuniuliza habari ya maji ya kunywa hata siku moja?"

"Hapana."

"Uliniuliza shuka. Nikakupa shuka. Unafikiri napenda kuwaona wakiramba midomo? Tukikosa alama tunakosa blanketi, tukikosa blanketi tunafunga. Niambie wewe ungefanya nini."

Nikamgeukia Sista Tabitha, nikamwambia ninamtoa leo hii, nitatafuta taksi, watoto walale jikoni, nitajua la kufanya.

"Tulia wewe," akasema. Baada ya yale maji sauti ilikuwa imerudi kidogo, na ukali wake pia. "Ukinitoa, utakuwa umemhamisha Tabitha. Na hawa saba? Nani atakuja kuwagongea kitanda?" Akavuta pumzi. "Mimi nitakaa. Wewe nenda karekebishe fomu yako. Na urudi haraka, kwa sababu mimi sina muda wa vikao."

Kesho yake asubuhi niliweka karatasi mbili na kaboni katikati, nikaandika ripoti mpya. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba ripoti zangu zote za awali kuhusu nyumba ile si sahihi, na kosa ni la mkaguzi. Mkubwa wangu alikuwa bwana mpole aliyependa mafaili yakae yamefungwa. Aliisoma huku ameshika shavu.

"Zile za mwanzo uliziandika wewe?"

"Mimi, bwana."

"Na hii inayosema zile ni za uongo?"

"Mimi pia."

"Sasa nimwamini Rispa yupi?"

"Huyu aliyekwenda bila barua, bwana."

Alicheka bila kupenda. Lakini kisha akasema jambo lililonikausha: nyumba inayowanyima wagonjwa maji lazima ifungwe. Kisheria alikuwa sawa. Nikamwambia, ukiifunga leo, hawa wanane kesho wako wapi? Wawili hawana hata ndugu mjini. Mmoja wao ni yule aliyetufundisha kazi sisi sote hapa ofisini. Tulibishana mpaka chai ya saa nne ikapoa. Mwishowe alinipa mwezi mmoja. Baada ya mwezi niende nikague, na safari hii neno langu ndilo la mwisho. Nikisema hapana, milango inafungwa.

Ninyi mtapenda kujua tulifanya nini, kwa sababu mambo haya hayako kwenye kitabu. Kwanza niliwaendea wale wa Kiamaiko niliowapa daraja la tatu, nikaomba radhi, nikamwomba yule mama anionyeshe. Alinicheka kwanza, haki yake, kisha akanionyesha. Kila mgonjwa alikuwa na kikombe cha bati kilichofungwa kwa kamba kwenye kitanda, kikianguka hakifiki chini. Kila mmoja alikuwa na kijiko cha kugonga. Juu ya shuka kipande cha mpira, na juu ya mpira vitambaa vya leso kuukuu vilivyokatwa na kukunjwa mara nne. Kikilowa kinatolewa kitambaa, shuka inabaki. Kufua leso ishirini ni rahisi kuliko kufua shuka nane, hata Mama Akinyi alipiga hesabu hiyo upesi. Yote hayo tukayapeleka Mabati Buluu, na jiko la makaa likawekwa nje ya mlango wa wodi, birika juu yake kutwa nzima. Akina mama wa kanisa la Dandora walileta leso mpaka nikawaambia basi.

Na fomu niliiandika upya nikiwa nimeketi kitandani kwa Sista Tabitha. Yeye alisema, mimi nikaandika. Shuka zilibaki, chini kabisa. Juu liliwekwa swali la ulimi, kisha la kikombe, kisha la kugonga kitanda na kuhesabu dakika. Barua ya kutangaza siku ya ukaguzi tuliifuta. Nilipofika mwisho nikamuuliza kama tuandike na chai.

"Usiiandike," akasema. "Ukiiandika watakuwa wanaitayarisha. Wewe inywe tu."

Mama Loise ndiye aliyenishangaza. Mtu wa namna ile mpe jambo sahihi la kushindania, halafu kaa kando. Alikuwa anapita na birika kila saa kama mtu anayepigania kombe. Alipima midomo ya watu kwa tochi. Mgonjwa akigonga, alifika kabla ya kijiko kutulia. Na ile nyumba iliyokuwa kimya ikaanza kuwa na kelele. Yule mzee wa kitanda cha jirani, ambaye tulidhani amekwisha poteza sauti, kumbe alikuwa na kiu tu. Aliporudishiwa maji aliongea wiki nzima bila kupumzika, akasimulia jinsi alivyojenga nusu ya mtaa wa Umoja kwa mikono yake, mpaka wenzake wakamwomba anywe polepole.

Sista Tabitha yeye alikuwa anashuka. Kila nilipokwenda alikuwa mdogo zaidi kwenye mto. Nilianza kuogopa kwamba atatutoka kabla mwezi haujaisha, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba hajawahi kuchelewa ukaguzi hata siku moja na hataanza sasa.

Siku ilipofika nilikwenda saa tisa alasiri, saa ile ile, bila kumwambia mtu. Mama Loise alinikuta mlangoni, uso umemkakamaa. Alijua siku zimefika ingawa hakujua ni leo. Kwa mazoea akaanza kusema, "Sista, karibu ofisini upate..."

"Asante sana, mama," nikasema. "Nitainywa huko ndani pamoja na mgonjwa."

Akanitazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Nilivuta kigoda karibu na kitanda cha pili. Sista Tabitha alikuwa amefumba macho. Nilimsemesha kwa Kikuyu changu kibovu, kile alichonifundisha yeye mwenyewe, akafumbua.

"Sista," nikasema, "leo mgeni wako ataondoka na kiu?"

Ilimchukua muda kupata kijiko. Sikumsaidia, ingawa mikono iliniwasha. Akakipata. Aligonga mara moja tu, na mlio wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba mafundi wa nje walitaka kuumeza. Mama Loise akaja na birika. Mama Akinyi akaja na vikombe. Mzee wa jirani akaanza kugonga na chake, "Sista ameita! Mnasikia? Sista ameita!" na wale wengine wakaanza kugonga, mpaka wodi nzima ikawa inalia vijiko.

"Polepole," Sista Tabitha akasema. "Hakuna nyumba inayoungua."

Nikamiminiwa yangu. Yake nilimpa mimi, kwa kijiko, matone mawili, kisha mengine mawili. Niliutazama ulimi wake. Ulikuwa na maji, mwekundu, kama ulimi wa mtu. Nikatoa fomu, nikamuuliza kwa sauti ya ofisini, maana nyingine ingenisaliti, "Mgonjwa ana maoni gani kuhusu nyumba hii?"

Aliionja chai mdomoni kwa makini, kama alivyokuwa akifanya kila kitu. Mama Loise alikuwa amesimama, birika mkononi.

"Sukari kidogo," akasema Sista Tabitha. "Andika."

Alitutoka Ijumaa ya wiki hiyo, asubuhi, Mama Loise akiwa anampitishia pamba yenye maji midomoni. Nyumba haikufungwa. Nakala ya ripoti ile iko kwenye faili zenu mpaka leo, mkiitafuta mtaikuta, kaboni imefifia kidogo lakini inasomeka. Sehemu ya kasoro niliiacha wazi. Sehemu ya sifa niliandika mstari mmoja tu: mgonjwa wa kitanda cha pili amelalamika kwamba chai haina sukari ya kutosha, na ameongezewa.